Nyumba Iliyorukwa

Sehemu ya tisa

Vitone vitatu. Mama Pacha alivipapasa tena, kana kwamba wiki nzima tuliyomwacha amepiga magoti chini ya dirisha lile ingetosha kuvifuta. Havikufutika. Vilikuwa palepale kwenye kona ya grili iliyong'olewa, vimekaa kama mafiga, alama ambayo marehemu baba yake aliiweka kwenye kila chuma alichochomelea. Duniani alibaki mtu mmoja tu wa kuiweka alama hiyo, naye ni mdogo wake wa tumbo moja, Fundi Cheche.

"Umeona nini?" aliuliza Bibi Cherehani.

"Kutu."

Grili ile ilikuwa na miezi minne tangu ifungwe. Bibi Cherehani aliamua asimbishie. Alikuwa mshonaji, amewashonea sare watoto wa nusu ya mtaa, na sasa pale mezani pake palikuwa na alama nne za miguu ya cherehani na vumbi katikati. Siku tano zilizopita alikwenda kliniki ya macho. Aliporudi, grili imelala chini nzima, haina hata pembe iliyopinda, na cherehani ya miaka thelathini na mbili imeondoka.

"Mimi si fundi wa chuma," alisema, "lakini najua kitu kilichoshonwa na kitu kilichoshikizwa. Hicho kilishikizwa tu, mwanangu. Mtu mzima akikivuta kwa mikono miwili kinafumuka."

Mama Pacha alifungua mkoba, akatoa fomu ya nyumba ile ili aongeze taarifa za wizi. Kona ya karatasi ilikuwa imekunjwa. Akainyoosha kwa kidole gumba bila kufikiri, maana karatasi zote zinazopita nyumbani kwake huishia hivyo, kuanzia madaftari ya mapacha hadi bili za umeme.

Simu ikatetemeka mkobani. Ulikuwa ni ujumbe wa mumewe, Baba Pacha. *Leo unarudi saa ngapi?*

*Kumi na moja. Kuna kikao,* akamjibu. Miaka kumi na minne ya ndoa, na mwanaume bado anauliza kila siku. Wenzake ofisini walikuwa wakimwonea wivu.

Alipotoka alimkuta mke wa Mzee Filimbi amekaa kwenye ngazi ya nyumba ya jirani, akimsubiri yeye. Mzee Filimbi alikuwa mlinzi wa mchana wa mtaa ule, na tangu cherehani ipotee alikuwa ndani. Kosa lake ni kwamba wizi wote saba ulifanyika mchana, zamu yake, na hakupuliza filimbi hata mara moja. Leo saa kumi gari lingempeleka gereza kuu.

"Wewe ndiye unayeandika," mama yule alimwambia. "Wakikusikiliza wewe, baba watoto wangu atarudi. Mkikaa kimya wote, ndiyo basi."

Hakulia. Alisema kama mtu anayeagiza chumvi dukani, na hilo lilimuuma Mama Pacha kuliko kilio.

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, mambo ni haya. Kata hii iliibiwa mpaka ikachoka. Kamati ya Usalama ikawaalika wataalamu wawili kutoka chuoni, na wote wawili wakajitambulisha kuwa ni watu wa uhalisia. Maana yake, walisema, hawana muda na wenzao wanaodai kuwa uhalifu ni kelele za magazeti. Mwizi yupo, anaumiza, na anaowaumiza zaidi ni walalahoi. Hapo walikubaliana, na hawakukubaliana tena.

Wa kwanza watu walimbatiza Mwalimu Kufuli. Yeye alifundisha kwamba mwizi ni mtu wa hesabu: anatazama faida, anatazama hatari, anaamua. Funga dirisha, washa taa, badilisha kioo kilichovunjika siku hiyohiyo, kamata hata anayekojoa ukutani, na mwizi ataona hapalipi. Wa pili, mwanamke, wakamwita Mwalimu Chanzo. Yeye alisema wizi hauanzii dirishani. Unaanza pale mtu anapoachishwa kazi, akashinda barazani akiwatazama majirani wanapita na mifuko, na hakuna kikao hata kimoja kinachomwuliza anaonaje. Mpe kazi, mpe sauti, mfanye amwamini polisi, ndipo dirisha litapona.

Kamati ikafanya kama kamati zote zinavyofanya. Ikampa kila mmoja nusu. Kufuli akapewa grili zake, Chanzo akapewa karakana yake ya kuwafundisha uchomeleaji watu wasio na kazi, na grili zikaamriwa zichomelewe karakanani. Hata fomu ya kuwahoji wananchi ikawa moja, maswali ya Kufuli na ya Chanzo yamebanana kwenye karatasi ileile. Aliyeipeleka nyumba mia moja na arobaini, mlango kwa mlango, ni karani wa kamati, Mama Pacha.

Naye sasa alikuwa anakwenda karakanani, hatua zake ndefu kuliko sketi yake.

Fundi Cheche, mwalimu wa karakana, alikuwa peke yake, anasaga mguu wa meza ya chuma. Alipomwona dada yake alivua miwani ya kazi na kutabasamu, halafu tabasamu likamwishia njiani. Wanajuana tangu matiti ya mama mmoja.

"Nimetoka kwa Bibi Cherehani," alisema Mama Pacha.

Cheche akaweka chuma chini.

"Madirisha mangapi?"

"Dada, hebu kaa kwanza."

"Nimekuuliza ni mangapi."

"Kumi na mawili," alisema Cheche. "Yote ya nyuma."

Ikatoka yote, vipande vipande. Kufuli alitaka madirisha yote yawe tayari kabla ya wageni kuja kukagua mradi. Chanzo akashikilia kwamba kazi ifanywe na wanafunzi wake na si mafundi wa nje. Wanafunzi walikuwa na wiki tatu tu darasani, mshono wao unachuruzika kama makamasi, na Cheche akawa anapita nyuma yao kufumua na kuanza upya. Siku ya mwisho yalibaki kumi na mawili. Akayashikiza pembeni, akaziba kwa puti, akapiga rangi juu, akajiambia atarudi. Wageni wakaja, wakapiga picha, wakaondoka. Hakurudi.

"Na moja ni lako," aliongeza kwa sauti ya chini. "La jikoni. Nilisema wewe ni ndugu, utanisubiri."

"Ukaweka na alama ya baba."

Cheche akainamia chuma chake.

"Kazi ya kushikiza, Cheche, ukaiwekea alama ya baba."

Alikuwa tayari kwa ubishi. Mdogo wake hakubisha, alifunika uso kwa viganja vyeusi vya kazi, mabega yakaanza kutikisika, na Mama Pacha akajikuta amekasirika zaidi kwa sababu hasira yake haikupata pa kutua. Mzee wa watu yuko ndani kwa ajili ya puti. Alimwambia hivyo hivyo, bila kulainisha.

"Mimi si mwizi, dada."

"Najua. Ungekuwa mwizi ungenipa nafuu, ningejua la kufanya. Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani kwamba kazi yangu ni mbovu? Na kwa macho huwezi kujua. Mpaka ulitikise."

"Na wenye nyumba waliyatikisa?"

"Nani anafungiwa dirisha jipya asilitikise?"

"Halafu wakamwambia nani?"

Cheche aliutazama mkoba wa fomu wa dada yake. Walimwambia yeye, Mama Pacha. Nyumba baada ya nyumba, wamemkaribisha kiti, wamemtilia maji ya kunywa, wamemwambia yeye.

Alirudi ofisini mbio mbio, mwanamke wa makamo mwenye mkoba na viatu vya mtumba, na watu wakampisha njia wakidhani amefiwa.

Kabati la fomu lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo huo alikuwa nao shingoni. Akafungua. Akazitandaza fomu mezani na kutafuta maswali mawili tu. Swali la tisa, la Kufuli: *Ni saa ngapi nyumba hubaki bila mtu?* Swali la kumi na nne, la Chanzo: *Ni sehemu gani ya nyumba yako unayoiogopa, na kwa nini?*

Nyumba ya saba, Bibi Cherehani. Kliniki kila Jumatano, saa nne hadi saa saba. Dirisha la chumba cha kushonea, linacheza.

Nyumba ya mwenye duka la viatu. Asubuhi yote. Dirisha la nyuma, linatikisika.

Nyumba ya muuguzi. Akiwa zamu ya mchana. Dirisha la jikoni, nikilivuta nalisikia linalia.

Saba zote, saa na dirisha, saa na dirisha, kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri aliosifiwa tangu shule. Wataalamu wawili walikuwa wamekataa hata kunywa chai meza moja. Mtu pekee aliyeziweka nadharia zao pamoja na kuzielewa ni mwizi.

Na kwenye kila moja ya zile fomu saba, kona ya juu kulia, palikuwa na mkunjo mdogo. Ule wa fomu ya Bibi Cherehani aliounyoosha asubuhi ulikuwa umebaki mstari. Akazipekua zilizobaki, mia na thelathini na tatu. Zilikuwa zimenyooka kama zilivyotoka kiwandani.

Hapa, msomaji, wewe huenda umeshafika. Wewe si mke wa mtu.

Yeye alikumbuka Ijumaa. Kila Ijumaa alibeba fomu nyumbani kuzijumlisha, kwa sababu ofisini hakukaliki kwa joto. Na Baba Pacha, fundi wa mitambo wa kiwanda cha nyuzi kilichofungwa miaka miwili iliyopita, mtu aliyekuwa amebaki na siku tu mikononi, akavuta kiti. "Nipe mimi nisome, wewe uandike jumla." Mama Pacha alifurahi mpaka alitaka kulia. Kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe mumewe alikuwa anataka kufanya kitu. Akasoma kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, na popote aliposimama kidogo alikunja kona, kama anavyofanya na gazeti, kama anavyofanya na daftari za watoto wakimgombeza.

Halafu vikaja vibarua. Alisema anatengeneza mashine za watu, na wiki hizi tano alionekana mtaani na toroli lililofunikwa turubai. Nani atamwuliza fundi mitambo amebeba nini? Hata Mzee Filimbi alimsaidia kulivusha mtaro. Baba Pacha alilisimulia mwenyewe mezani, wakacheka.

"Watu wangapi wanakunja kona," Mama Pacha aliliambia kabati.

Akaichukua fomu ya nyumba namba ishirini na tatu, yake mwenyewe. Swali la sita: *Je, kuna mtu mzima asiye na kazi?* Aliandika hapana. Swali la tisa aliandika kuwa wote wako kazini, nyumba tupu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Aliona haya. Asingeweza kuandika kwa mkono wake kwamba mumewe anashinda jikoni akitazama ukuta, halafu apeleke karatasi hiyo kwa watu wa chuo waipige chapa. Swali la kumi na nne lilikuwa na ukweli mtupu: dirisha la jikoni, linacheza.

Kona ya fomu hiyo haikuwa na mkunjo.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro robo. Mama Pacha alikaa, akaziweka zile saba mapajani, akazinyoosha kona moja moja kwa ukucha. Nikuambieni kweli, mimi ninayesimulia sikumpenda dakika ile. Lakini sikuwahi kuambiwa nichague kati ya baba wa watoto wangu na mlinzi wa mtaa.

Kikao kilianza saa nane. Mkuu wa kituo cha polisi ndiye aliyekiongoza, mtu mnene mwenye sauti ya upole ambaye hupenda mambo yaishe. Kulia kwake alikaa Kufuli na kalamu zake nne mfukoni, kushoto Chanzo na miwani yake ya kamba. Bibi Cherehani alikaribishwa kama mwakilishi wa walioibiwa, akakaa karibu na karani.

Kufuli alianza. Alisema wizi umepungua kila penye grili nzima, na hizi nyumba saba ni kazi ya mtu wa ndani, na adhabu ya Mzee Filimbi ikiwa kali na ya haraka, wengine watapiga hesabu upya. Chanzo akauliza kama hesabu hiyo inajumuisha familia ya mzee, ambayo kuanzia leo itakuwa na sababu mpya ya kuichukia polisi. Kufuli akasema huruma haifungi mlango. Chanzo akasema mlango haujawahi kumlisha mtu. Mkuu wa kituo akatazama saa.

Mama Pacha alisimama. Alikuwa amejiandaa kusema nusu.

Akaisema nusu hiyo vizuri, fomu zote akaziweka mezani. Madirisha kumi na mawili yalishikizwa tu, na aliyeyashikiza ni mdogo wake. Mwizi hakuhitaji msaada wa mlinzi, kwa sababu kila alichohitaji kilikuwa kwenye fomu ya kamati, swali la tisa na swali la kumi na nne. Fomu hizo zilikuwa chini ya uangalizi wake yeye karani. Kwa hiyo Mzee Filimbi aachiwe.

Wataalamu wakakumbuka kazi yao.

"Ni wanafunzi wako walioharibu chuma," Kufuli alimwambia Chanzo.

"Ni haraka yako. Na swali la saa ni lako, nilikuambia ni la kipolisi."

"Na la hofu ni la nani? Unamwuliza mtu anaogopa nini halafu unaliandika?"

Bibi Cherehani aligonga meza kwa kidole, kama anayejaribu kitambaa.

"Mlikuja nyumbani kwangu," alisema. "Huyu mwalimu akataka kujua nakwenda kliniki saa ngapi. Huyu mwalimu akataka kujua nalala naogopa nini. Nikasema, wamesoma hawa, wacha niwaambie. Mimi jirani yangu wa ukuta kwa ukuta sijawahi kumwambia. Sasa nyie bishaneni. Mimi sina cha kushonea."

Kufuli alichomoa kalamu moja mfukoni na kuirudisha. Chanzo aliinamisha kichwa. Sijui kama ilikuwa aibu au kazi tu, lakini kilichofuata hakikuwa kimewahi kutokea katika kata ile. Chanzo alizisukuma fomu katikati ya meza, na Kufuli akavuta kiti upande wake.

"Wewe unamtafutaje?" alimwuliza.

"Mtu aliyewahi kuwa na nafasi yake, akaipoteza," alisema Chanzo. "Anayeshinda bure. Si mgeni. Mgeni asingekwenda kwa muuguzi akamwacha tajiri wa kona. Huyu anawaibia anaowatazama kila siku. Na wewe?"

"Anayejua saa. Anayejua dirisha. Na anayeweza kubeba kitu kizito mchana bila kuulizwa." Kufuli alikuwa ameanza kuhesabu. "Madirisha mabovu kumi na mawili. Saba yameibiwa. Manne, fomu zinasema kuna watu nyumbani siku nzima, mwenye akili haendi. Linabaki moja."

Aliivuta fomu ya dirisha hilo. Mama Pacha aliiona namba kutoka alipokaa.

"Namba ishirini na tatu. Dirisha bovu, nyumba tupu tangu saa mbili hadi saa kumi na moja, siku tano za wiki. Kwa hesabu yoyote hii ndiyo nyumba ya kwanza. Kwa nini aliiruka?"

"Kwa sababu alijua si tupu," alisema Chanzo polepole. "Alijua kilichoandikwa hapa si kweli."

"Angejuaje?"

Walitazamana, mahasimu wawili, na Mama Pacha akaona nyusoni mwao furaha ya watu waliofumbua fumbo. Hiyo ndiyo iliyomfanya awachukie baadaye kuliko yote waliyosema.

Fomu hazikuwa na majina, namba tu. Mkuu wa kituo alizikusanya zile saba, akaziinua moja moja kuelekea dirishani, na kidole chake kinene kikasimama kwenye kona ya juu. Mstari wa mkunjo ulioneshwa na mwanga.

"Karani," alisema kwa upole wake. "Namba ishirini na tatu ni ya nani?"

Alifikiria nyumba ambazo angeweza kuzitaja. Alifikiria mapacha, ambao saa hiyo walikuwa shuleni na daftari zenye masikio ya kona zilizokunjwa. Kisha akamkumbuka yule mama kwenye ngazi, alivyosema *wewe ndiye unayeandika*.

"Ni ya kwangu," alisema.

"Mchana anashinda nani pale?"

Simu yake ilikuwa mezani, uso juu. Ikatetemeka, ikazunguka kidogo, ikasimama. Hakuna mtu mzima ndani ya chumba kile ambaye hakuweza kuusoma ujumbe ule.

*Kikao kimeisha? Unarudi saa ngapi?*

Miaka kumi na minne. Swali la tisa.

"Mjibu saa kumi na moja, kama kawaida," alisema Kufuli haraka. "Asipoona hatari hataondoka. Tutamkuta na vitu."

"Mpigie, umwambie aje mwenyewe," alisema Chanzo. "Akija kwa miguu yake tutaipata cherehani, na mtaa utaona kwamba tumemwita, hatukumwinda. Ana watoto."

"Atakimbia."

"Aende wapi? Ndiyo hivyo, hana pa kwenda."

Walikuwa wamerudi kulekule. Mkuu wa kituo aliinua mkono akawanyamazisha wote wawili.

"Mzee Filimbi nitamtoa," alisema. "Lakini gari la saa kumi limeshaombwa, na mimi sirudishi gari tupu. Mama, jibu unavyoona."

Saa ilikuwa tisa na dakika ishirini. Mama Pacha aliichukua simu kwa mikono miwili. Hakuandika saa kumi na moja, wala hakuandika njoo. Aliandika maneno matatu, akatuma, na Bibi Cherehani aliyekuwa begani pake akavua miwani.

*Umeruka nyumba moja.*

Ujumbe ulisomwa papo hapo. Chumba kizima kiliisubiri simu ile kama watu wanaomsubiri daktari atoke. Dakika ikapita. Nyingine ikaingia. Mama Pacha alimwona mumewe pale alipo, kwenye kiti cha jikoni, chini ya dirisha linalocheza, na akajua kwamba bado anampenda, jambo ambalo halikumsaidia chochote.

Simu ikatetemeka. Aliisoma yeye peke yake, mara moja, kisha akaigeuza uso chini.

*Mwandiko wote ni wako. Na ufunguo uko shingoni mwako.*

Mkuu wa kituo alikuwa amemtazama shingoni kabla hajaunyoosha mkono wake juu ya meza, kiganja kikiwa wazi.

"Naomba niione simu hiyo, mama," alisema. "Na ufunguo."